Mtamba Mwenye Wafuasi Elfu Arobaini

Ting! Hiyo ndiyo sauti ambayo haijanitoka masikioni tangu shirika letu la Ng'ombe kwa Kila Boma lilipoingia mitandaoni: ting moja tu ya simu, mfuasi wetu wa kwanza, na mimi, Mkurugenzi wenu Sandra Amolo, nikajua kuwa maisha ya mfugaji wa Kajiado yamebadilika. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Mheshimiwa, Mwenyekiti wa Bodi pamoja na Bodi yake, machifu na manaibu wao, wachungaji wa makanisa na wachungaji wa mifugo, wafadhili mnaotutazama laivu kutoka nchi zenye mtandao mzuri, mastekiholda wa ngazi zote, na ninyi wananchi mlioamka gizani huko Bisil na Oltepesi ili mje kujaza viti vya ukumbi huu wa Kitengela, nawasalimu kwa Kimaasai: sopa! (Wachache: "Ipa.")

Wapo wanaouliza shirika lisilotafuta faida lina haja gani ya kushinda mitandaoni likitafuta wafuasi. Swali zuri, na jibu lake ni data. Zamani mfadhili alikuwa akituma msaada kisha analala, hajui ng'ombe wake anaendeleaje. Leo, kupitia mkakati jumuishi wa ushirikishwaji endelevu wa wafuasi kwa njia ya kontenti, mfadhili huyo anaamka, anamwona mtamba mwekundu aliyekabidhiwa mama Naserian, mjane aliyepoteza mifugo yote kwa ukame, anabonyeza moyo, anampendekezea jina, halafu anakwenda kazini akiwa binadamu bora kwa asilimia sitini na nane. (Makofi. Mzee mmoja anainua fimbo.)

Ndiyo, Mzee Parsaoti wa Bisil, kwa kifupi. ("Madam, huyo ng'ombe wa picha ni wangu. Alama ya sikio ni ya boma yetu. Mlimpiga picha soko ya Bisil, mimi nikadhani nyinyi ni wanunuzi." Kicheko.)

Asante kwa mchango huo. Ni kweli kwamba kamati yetu ya mawasiliano, yenye jumla ya shahada saba, haikuwa na taarifa kuwa mtu anaweza kumsoma ng'ombe sikio kwenye simu, na ndiyo maana katika picha ya pili tulimfunika masikio kwa maua. ("Hata pembe nazijua!" Kicheko kirefu.)

Tusitoke kwenye ajenda. Naona mama Naserian mwenyewe amesimama, uso wa kampeni yetu. Mpeni kipaza sauti. Mpiga picha, sogea karibu. ("Madam, mimi sikukuja kuomba ng'ombe. Ukoo wetu unachangia wale ng'ombe zao zilikufa na kiangazi, kila ndugu anatoa mmoja. Kufika zamu yangu ya kupewa, wazee wakatoa simu wakasema, wewe uko na mtamba, tumemwona. Nikawaambia boma iko tupu, kujeni muone. Wakasema watu elfu arobaini wamemwona, ni wewe tu hujamwona? Sasa nataka utoe hiyo picha, useme sina. Mkutano wa ukoo ni Jumamosi.")

Nimeguswa. Mnaona nguvu ya mtandao, jamani? Ujumbe wetu umewafikia hata wazee wa ukoo, kundi ambalo utafiti wetu ulisema haliwezi kufikiwa! Hata hivyo, mama, kufuta posti yenye mioyo elfu tisa si jambo la mtu mmoja. Kunahitaji kikao cha kamati ya mawasiliano, kikao kinahitaji akidi, na akidi yote iko Naivasha kwenye warsha ya uwazi. (Sauti kutoka nyuma: "Si uandike tu hapo kwa simu!" Kicheko.) Kuandika tu, ndugu yangu, ni mtindo wa mashirika madogo.

Kwa hiyo tuseme pamoja: Boma mtandaoni! (Kimya.) Mfuasi kwanza! (Meza kuu: "Kwanza!") Nawashukuru wafadhili, nawashukuru wapiga picha, namshukuru Mzee Parsaoti kwa kutuazima ng'ombe bila yeye kujua, na kuliko wote namshukuru mtamba mwenyewe, ambaye ingawa hatujamnunua, wala hatujaamua tutamnunua mwaka gani, amefanya kazi kubwa kushinda ng'ombe yeyote katika kaunti hii.

Na wewe, mama Naserian, usihangaike na Jumamosi. Ulipompigia simu katibu wangu juzi, nililielewa suala lako kwa uzito wake wote, na ndiyo maana kabla sijapanda hapa jukwaani nilikuwa nimekwisha kutangaza kwenye ukurasa wetu kwamba mtamba wako amezaa salama, ndama jike, na kwamba wewe, kwa ukarimu wako, utamtoa ndama huyo kwa ukoo wako Jumamosi hiyo hiyo.