Njugu za Bi Nanjala

Jumatatu, 6 Machi 1972

Pasta Thuo ametangaza kwamba kanisa letu hapa Nairobi, nyuma ya maduka ya Adams Arcade, litapata mshauri wa vijana. Rasmi. Mwenye chumba chake na jina lake mlangoni. Nikamfuata palepale kumwambia asihangaike kutafuta, nipo. Zadock, karani mkuu wa duka la vyuma la Rasiklal mjini, mtu anayetoa ushauri hata bila kuombwa.

Pasta akasema kuna mwingine. Bi Nanjala! Binti wa juzi, amesomea mambo ya akili za vijana ng'ambo akarudi na miwani. Hana hata mtoto. Eti wiki hii kila mmoja wetu apokee vijana ukumbini, Jumapili waumini wachague.

Mtoto mimi ninaye. Dalmas, miaka kumi na tisa, kamaliza Form Four, na Jumatatu ijayo anaanza ukarani kwa Rasiklal. Nimempangia mwenyewe. Kijana mtulivu. Tangu Krismasi hajasema nyumbani ila "ndiyo, Baba". Mke wangu Peres anasema hilo ni tatizo. Mimi naliita malezi.

Jumanne, 7 Machi

Nimemwomba Rasiklal kiti cha kuzunguka, kile alichokitupa stoo. Kimepanda Ngong Road kwa mkokoteni hadi ukumbini. Mimi juu kitini, meza mbele, vijana chini kwenye benchi. Mshauri lazima aonekane.

Wakaja watatu. Nikamuuliza wa kwanza ana shida gani. Alipofungua mdomo nikamwambia nimeshaelewa. Nikaanza: kuamka mapema, kuoga maji baridi, kuchagua marafiki. Kiti kikawa kinashuka chenyewe, polepole, mpaka kidevu changu kikafika mezani. Sikujali, niliendelea. Msichana mmoja, Kalekye, akaomba ruhusa kwenda chooni. Wenzake nao wakaomba.

Choo cha kanisa ni cha mtu mmoja. Nikawafuata. Nikawakuta chumba cha pili kwa Bi Nanjala, wameketi mkekani naye, wanamenya njugu. Wanaongea kama chiriku. Kalekye, ambaye kwangu alikuwa bubu!

Jumatano, 8 Machi

Nimelalamika kwa Pasta. Mtu apelekwe ng'ambo kwa ndege, arudi kuwamenyesha watoto njugu?

Bi Nanjala akaitwa. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Akasema, Mzee Zadock, wewe na mimi tunatoka upande mmoja, unajua mwenyewe kwamba kwetu mtoto hamwelezi baba yake yaliyo moyoni. Anakwenda kwa nyanya yake jioni, mikono ina kazi, macho yako chini, na nyanya haulizi kitu. Hapa Nairobi nyanya wako mbali. Basi yeye anakaa tu pale ambapo nyanya angekaa.

Pasta akatikisa kichwa kukubali. Nikasema nyanya yangu mimi alikuwa na fimbo. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 9 Machi

Sawa. Kama ni njugu, hata sisi tunazo. Nimechukua gunia ambalo Peres aliletewa kutoka kijijini. Sikumwambia. Vijana wamenye, wafunguke, na Peres apate njugu zake zikiwa tayari. Kuna ubaya gani?

Wakaja watano. Nikawaonya wasile hata moja. Nikawakagua mikono. Kisha nikaketi mkekani nao, magoti yakilia, nikawaambia sasa fungukeni, mmoja mmoja, kuanzia kushoto. Wakatazamana. Nikawasaidia kwa kuwaeleza shida zao. Waliondoka mmoja mmoja, na njugu mifukoni.

Sikio la kufa halisikii dawa. Peres ameona gunia limepungua. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 10 Machi

Nimechuchumaa nyuma ya tangi la maji, chini ya dirisha la Bi Nanjala. Huu si upelelezi. Ni utafiti.

Kijana mmoja alikuwa akisema. Sauti nzito, nzuri, sijawahi kuisikia. Anasema anapenda injini kuliko chakula. Fundi Gurdeep wa pale Dagoretti Corner amekubali kumfunza. Lakini baba yake ameshampangia ofisi, na kila akianza kumweleza, baba anammalizia sentensi, tena anaimalizia vibaya. Siku hizi haanzi kabisa. Anasema anaogopa atazeeka bila kuzungumza na baba yake hata mara moja. Kisha akalia. Bi Nanjala hakusema neno, nilisikia maganda tu yakivunjika.

Nami nilitokwa na machozi, nakiri. Hasira ikafuata. Baba gani huyo? Na watu kama hao wanaitwa waumini! Jumapili nitamsema hadharani. Kura zote zangu.

Jumapili, 12 Machi

Nilipewa mimbari kwanza. Nikawasimulia yote, injini, ofisi, sentensi zilizokatwa. Nikasema yupo baba humu ndani, amevaa tai, na nyani haoni kundule. Peres akainama kutafuta kitu kwenye mkoba, asikipate. Nikapandisha sauti: kijana huyo kama yupo asimame, kuanzia leo baba yake ni mimi.

Dalmas akasimama.

Nikamwashiria akae, asivuruge ibada. Hakukaa. Akasema, kwa sauti ileile ya dirishani, asante Baba, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Akasema kesho anakwenda kwa Gurdeep. Mtu wa nyuma akasema amina, kisha kanisa zima.

Wakampigia kura Bi Nanjala kwa kuinua mikono. Peres aliinua yote miwili.

Nimesalitiwa. Mambo ya nyumba yangu yamemwagwa mkekani kwa mgeni! Na hotuba iliyomsimamisha yule kijana ilikuwa ya nani? Ya Nanjala?

Jumatatu, 13 Machi

Rasiklal kauliza karani mpya yuko wapi. Nikasema anaumwa.

Jioni Dalmas karudi, grisi mpaka viwikoni. Peres akaweka ungo wa njugu katikati yetu. Akaniambia, Baba Dalmas, leo menya tu, tafadhali. Akaenda jikoni.

Tukamenya. Macho chini. Muda mrefu, nami sikusema kitu, na ilinichosha. Ndipo Dalmas mwenyewe, bila kuulizwa, akasema Baba, leo nimefungua injini, na ndani yake...

Nikaona mara moja anakoelekea. Nikamwokolea muda. Nikafumba macho, kama wafanyavyo washauri, nikamweleza kuhusu injini, ufundi, kuamka mapema, maji baridi. Sijapata kuzungumza vizuri vile. Nilipofumbua macho njugu zilikuwa zimekwisha, na Dalmas hayupo.

Nikamsikia jikoni. Anamsimulia mama yake injini nzima, kipande kwa kipande, na wote wawili wanacheka. Ana sauti nzuri sana, mtoto yule.

Ushauri wangu umemfungua kinywa. Kesho asubuhi namwona Pasta, kura ipigwe upya.