Silinda Nne za Mzee Ogasawara

Jumapili, 7 Oktoba 1979. Hamamatsu.

Hatimaye! Jirani yangu Mzee Ogasawara katangaza kinyozini kwangu, mbele ya wateja, kwamba magoti yamegoma, pikipiki yake haiwezi tena. Hauzi. Atampa bure mtu yeyote wa mtaa huu mwenye leseni ya kuiendesha, kabla hajahamia kwa binti yake Nagoya. Wembe ukaniteleza. Mteja kapoteza nusu ya nyusi.

Pikipiki yenyewe sasa! Ya mwaka sitini na tisa, injini ya cc 750, silinda nne ubavu kwa ubavu, mabomba manne ya moshi, breki ya diski gurudumu la mbele, kitu ambacho mtaani hapa hatukuwa tumekiona. Injini ni ya zile za mwanzo kabisa, zilizomiminwa kwenye kalibu za mchanga. Ukiipapasa inakwaruza kama kidevu cha Jumamosi. Miaka kumi nimeisikia ikirudi nyumbani jioni, na kila ikipita wembe husimama wenyewe. Naitamani hadi naona aibu.

Tatizo dogo: leseni yangu inaishia cc 400. Mtihani wa pikipiki kubwa nimeufeli mara nyingi mpaka mlinzi wa geti la kituo cha mtihani ananisalimu kwa jina.

Jumatatu, 8 Oktoba

Vinyozi hatufungui Jumatatu. Mazoezi! Mtihani unaanza kwa kuinua pikipiki iliyolazwa chini, kisha unaisukuma kwa kuchora umbo la nane. Ndipo unaruhusiwa kupanda. Pikipiki sina, nikalaza kabati la kimono za mke wangu Fumie. Nikalikumbatia, nikainua. Kabati likasimama. Mimi sikusimama. Fumie kanibandika plasta mgongoni akiuliza kama kabati nalo nimeliahidi ndoa. Wivu tu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nagura, muuza mchele, anayo leseni! Alichukua ya gari zamani, enzi zile walipokuwa wanakuongezea pikipiki za kila ukubwa bila mtihani. Hajawahi kupanda hata moja! Leo kaja kunyolewa, kasema Mzee kamgusia, ila yeye hana haja na lichuma lile.

Ningenyamaza. Lakini nilitaka kumtisha kabisa. Nikamwambia ina kilo zaidi ya mia mbili. Nikamwambia kabureta ni nne, lazima zipumue pamoja, moja ikikosea zote zinakohoa. Hapo nikapotea. Nikamweleza inavyotulia zikipumua pamoja. Nikamweleza siku Mzee aliponipakia kandokando ya Ziwa Hamana, asubuhi, upepo mdomoni, na ule mlio, jamani, ule mlio! Nilipozinduka povu lilikuwa limemkaukia mashavuni.

"Kinyozi wangu," akasema, "hayo yote ulikuwa umeyaficha wapi? Naitaka."

Nimekimbilia kwa Mzee nikiwa na aproni. Kanihurumia: nikifaulu mtihani wa Jumatatu, ni yangu. Nikifeli, ni ya Nagura.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimeinua. Nimechora nane. Nimepita juu ya ubao mwembamba bila kuyumba, na koni zote zimebaki wima. Nikarudi kwenye mstari, nikazima, nikashuka nikiwa nimeishikilia. Mtahini, mtu ambaye nadhani hajacheka tangu vita, akasema nimeendesha vizuri. Machozi yakanilenga. Miaka yote ile! Nikainama kumshukuru kama mama alivyonifunza: mikono mapajani, mgongo umekunjwa, kichwa chini kabisa.

Mikono mapajani. Siyo kwenye usukani. Na stendi sikuwa nimeiteremsha. Kishindo kilisikika hadi getini.

Mlinzi wa getini kasema tutaonana, Bwana Komiyama.

Jumanne, 16 Oktoba

Ni ya Nagura. Lakini anaogopa hata kuiwasha! Kusukuma hakuhitaji leseni, nikajitolea kumpelekea dukani. Mzee Ogasawara alisimama mlangoni mwake mpaka nikakata kona. Nikazunguka njia ndefu, ya stesheni, makusudi. Tangi lilikuwa la baridi ubavuni mwangu. Mtu mmoja akaniambia nina pikipiki nzuri. Sikumsahihisha. Nilitamani mtaa usiishe.

Ukaisha. Mke wa Nagura akatoka kunipokea, akainama kunishukuru mpaka nywele zikamfunika uso. Sasa mtu angefanya nini? Nisimame wima kama nguzo ya umeme?

Tangi limebonyea. Nagura kapiga kelele nisiisogelee tena maisha yangu yote, kisha akajaribu kuiinua mwenyewe, ikamshinda, akaniita niiinue. Nimeiinua kwa mkupuo mmoja. Safi! Mtahini angeona!

Lazima iende kwa fundi, na wa kuisukuma ni mimi tu, Jumatatu, siku ninayofunga duka. Fundi yuko nyuma ya stesheni, mzee mmoja mwenye heshima zake. Nitapita njia ya ziwani, na nikifika nitamsalimia inavyostahili.