Shikamoo Zisitolewe Mlimani

Aristides Temu,
Duka la Spea za Baisikeli,
Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1972

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Baada ya salamu za heshima, mimi ni baba yake Elieshi wa Kidato cha Tatu. Nadhani utanikumbuka. Ndimi mzazi pekee niliyejitolea kuwasindikiza wanafunzi wako ishirini na wanane kwa baisikeli hadi Morogoro, ili wenye maduka wa Kariakoo watoe blanketi moja kwa kila atakayefika, zipelekwe kwenye zahanati ya kijiji cha ujamaa. Tulifika, blanketi zimetolewa, na mimi sasa naweza kukaa kitini. Ndiyo maana naandika leo na si wiki iliyopita.

Nina malalamiko manne, nayo nayaleta kwa moyo safi.

1. Wanafunzi wako wana adabu kupita kiasi. Kila aliyenipita alisema shikamoo, nami, kama mtu niliyelelewa, niliitika marahaba. Kwenye tambarare hilo halina neno. Lakini kwenye mlima wa Kimara, mji wenyewe hatujauacha, nilipokea shikamoo ishirini na saba mfululizo. Marahaba moja ina silabi nne, na pumzi ya silabi nne mlimani inatosha kukanyagia pedali mara mbili. Kufika Chalinze nilikuwa nimeitika mara mia moja na tisa. Za mwisho niliziitikia kwa kope.

2. Waliokwisha kunipita walikuwa wakigeuza, wanarudi, wananitazama usoni, wananisalimu tena, kisha wananipita upya. Kiranja wao, Fikirini, alinisalimu mara kumi na moja kati ya Mlandizi na Ruvu peke yake. Mchezo huu siujui na sikuupenda.

3. Hili naliandika kwa uchungu, maana ni damu yangu. Elieshi ndiye pekee ambaye hakunipa shikamoo hata moja barabarani, siku zote tatu. Angenipaje, naye hakunipita hata mara moja? Alikaa nyuma yangu, na kila niliposhuka kusukuma baisikeli alipuliza filimbi kama askari wa barabarani. Kwa hiyo mimi nikawa wa ishirini na nane, yeye wa ishirini na tisa. Huyu ni mtoto ambaye baisikeli yake niliiunda kwa mikono yangu, mnyororo mpya, tairi mpya. Wateja wakiniuliza mwanangu amekuwa wa ngapi, najifanya natafuta bisibisi.

4. Cheti changu kimeandikwa "Ameshiriki". Naomba kisahihishwe kiwe "Ameshinda", kwa sababu yupo niliyemshinda, kama nilivyoeleza hapo juu.

Basi naomba shikamoo zipigwe marufuku kwenye miinuko yote ya barabara ya Morogoro, isipokuwa mzee atoe kwanza ishara ya mkono kwamba pumzi anayo. Vibao viwekwe. Pia naomba jina la Elieshi lifutwe katika safari ya mwakani ya Dodoma, kwa kuwa mbio hana, na nafasi yake nipewe mimi. Yeye bado sijamwambia. Amebandika ramani ya Dodoma juu ya kitanda chake, na kila jioni anaipima kwa uzi, kwa hiyo napenda habari hiyo aisikie kwako.

Suala hili nimelifikisha kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ni mimi mwenyewe, naye ameniunga mkono kwa kauli moja.

Nisalimie walimu wote, mpishi wa shule, na yule dereva wa lori la mkonge aliyekataa kunibeba.

Wako katika kulijenga taifa, akiwa ameketi juu ya mto,
Aristides Temu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Fikirini amekuja dukani kununua solusheni ya kuzibia pancha. Nimemsomea barua hii nikitegemea atubu. Amesikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba Elieshi ana mbio kuliko wote. Aliomba mwenyewe kukaa nyuma, baba yake asije akawa wa mwisho. Filimbi ilikuwa ya kuwaita wenzake waje waone kama mimi ni mzima, na wao wakifika waliona haya kunikodolea macho tu, ndipo wakasalimu.

Mwalimu, barua hii ichane. Cheti kibaki kilivyo. Jina la Elieshi liandikwe la kwanza, na langu lisiwepo. Siku ya kuondoka nitakuwa nimesimama juu ya mlima wa Kimara, kwa miguu yangu, tangu alfajiri. Nataka anipite kwa kasi yake yote na anipe shikamoo yangu. Pumzi ya kumwitikia nitakuwa nayo.