Mwalimu Damien na Batoto Yake Kumi na Mumoja

Siku ya kazi moja, 2 Februari 2009

Mvua. Makala ya kupikia imelowa. Mujukuu yangu Damien amerudi kutoka shule mikono mitupu, mwezi ya tatu sasa. Mwalimu wa shule ya private hapa mutaa ya Bel-Air! Kravati iko, mushahara haiko. Bazungu ya fonderi, kule banayeyusha shaba, bamefunga mashine bakapanda ndege. Baba za batoto habana kazi, habalipi minerval, ile feza ya shule, na balimu banakula chaki.

Damien anasema: Nkambo, bibi yangu, mwisho wa mwezi napanda lori ya Kambove, nachimba mawe ya shaba kama bengine.

Nikamuambia funga mudomo. Baba yake, mutoto yangu wa kwanza, aliingia shimo ya Kambove, hatukurudishiwa hata kiatu. Haendi. Nitatafuta njia. Mimi sikusoma. Hizi herufi Damien mwenyewe alinifundisha, na kipande cha makala, kwenye ukuta wa jikoni. Lakini akili hailipi minerval.

Siku ya kazi tatu, 4 Februari

Promoteur Kapya, mwenye shule, ameita balimu. Amesema feza haiko, lakini yeye ana roho ya muzazi. Kwa hiyo anatoa avantage: kila mutoto ya mwalimu atasoma bure.

Balimu bakapiga makofi! Makofi ya nini? Damien hana mutoto hata wa kusingiziwa. Amepewa kijiko, hana mudomo.

Jirani yangu Mama Kalaba akaja. Hakuja kuomba chumvi, hakuja kuomba moto. Alikuja tu. Binti yake Josée anafundisha shule ile ile, na ana batoto batatu. Akauliza sisi tumepata bangapi. Nikasema sisi tumepata afya. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka kwenye matope. Mungu iko.

Siku ya kazi ine, 5 Februari

Nimepata! Nilikuwa nakoroga bukari ya unga, akili ikaja yenyewe.

Nani alisema Damien hana batoto? Numbi wa nyumba ya pili anamuita kaka. Batoto ya dada yako ni batoto yako, hata padri anajua. Numbi ana bane, na bote bamefukuzwa shule juu ya minerval. Nikaenda kwake mbio. Nikamuambia: kutoka leo batoto yako iko na baba mwalimu, na mimi kila siku ya posho, kesho yake ni yenga, unaniletea sahani moja ya unga. Akanishika mikono akalia. Nikamuambia lia baadaye, lete unga kwanza.

Nikafika kwa direkta wa shule. Nikasema mujukuu yangu aliona haya kutaja batoto yake. Direkta akaandika bila kuinua macho.

Si uongo. Ni ukoo.

Siku ya posho, 7 Februari

Habari ina miguu. Mama Dorcelle amekumbuka kwamba bibi yake alitoka kijiji cha bibi yangu. Fundi wa viatu amekumbuka kwamba alimubeba Damien mugongoni. Ukoo wetu ulikuwa mukubwa, sikujua! Damien sasa ana batoto kumi na mumoja. Nina unga, makala, mafuta ya mawese, na kuku mumoja wa jicho moja.

Damien anakula. Ameuliza chakula inatoka wapi. Nikasema kwa Mungu. Hakuuliza Mungu anakaa avenue gani. Amefurahi pia kwamba batoto bengi bamerudi darasani. Anasema bazazi bamejikaza. Sana, nikamujibu. Ongeza mboga ya sombe.

Siku ya kazi mbili, 10 Februari

Mama Kalaba ni mwizi! Josée amelala na batoto batatu, ameamuka na kumi na bane! Na babili kati yao ni ya kwangu: Shalom na Yannick. Amebavuta na vitumbua.

Nikasimama kwenye mulango yake, nikasema batoto ya bantu haiibwi na vitumbua. Akajibu kutoka ndani kwamba batoto banajua fasi kuna sukari. Avenue muzima ikasikia. Nikapunguza bei: nusu sahani ya unga tu! Shalom amerudi, na Yannick nyuma yake, juu ya karanga niliyomupa. Sasa hata mwalimu wa gymnastique, kijana mwenye mbavu za kuhesabika, ana batoto tisa.

Siku ya kazi ine, 12 Februari

Damien hakumaliza bukari. Anasema: Nkambo, shule imejaa mpaka batoto banakaa kwenye madirisha, lakini Promoteur amefungua sanduku ya feza amekuta buibui. Hata bale bachache balikuwa banalipa bameacha kulipa. Mushahara sasa hautakuja kabisa. Unaelewa kitu?

Nikasema mimi sikusoma.

Siku ya posho, 14 Februari

Ai, mama na mimi.

Promoteur ameita kila mutu kwenye uwanja wa shule. Akasema: mwalimu asimame mbele, batoto yake nyuma yake. Batoto bakakimbia, bakapanga mustari. Damien akageuka kuona ni nani banamusukuma. Kumi na mumoja! Wa nyuma kabisa ana ndevu.

Promoteur akauliza kwa upole Damien ana miaka ngapi. Ishirini na sita. Na huyu mukubwa? Kumi na saba. Mimi nikajibu kutoka kwenye geti kwamba kwetu tunakomaa mapema. Bantu bakaanguka na kicheko. Mustari ya Josée ilizunguka choo.

Katikati ya uwanja akabaki mutoto mumoja tu, wa Promoteur mwenyewe. Akaanza kulia, anataka naye apewe baba mwalimu.

Promoteur hakukasirika. Ningependa akasirike. Akasema: neno langu ni neno, batoto ya balimu banasoma bure. Lakini ile prime, muchango ya bazazi, ile inasaidia kulipa balimu, haijafutwa. Kila baba ataitoa kwa kila mutoto. Batoto kumi na mumoja, prime kumi na mumoja.

Kwa hiyo Damien anapaswa kulipa mushahara wake mwenyewe. Na amechelewa!

Kufika nyumbani, Damien akaanza kufunga mufuko. Lori ya Kambove inapita siku ya kazi moja asubuhi.

Yenga, siku ya Mungu, 15 Februari

Nimeficha viatu yake. Akaazima ingine.

Nikakaa juu ya mufuko. Mimi muzito, Mungu asifiwe. Akasema: Nkambo, simama. Nikasema niue kwanza. Akasema: kwa nini ulinifanyia vile mbele ya bantu? Nikamuambia: machozi yangu ya Kambove niliyamaliza kwa baba yako. Wewe ukibaki kule, nitakulilia na nini?

Akakaa chini, kichwa kwenye magoti yangu, kama zamani. Lakini hakufungua mufuko.

Siku ya kazi moja, 16 Februari

Lori imekuja. Damien ameweka mufuko juu, ameweka muguu. Mimi nimeshika shati yake, shati imepasuka, amepanda.

Ndipo Shalom akatokea kwenye kona, na uniforme. Alijua baba akiondoka, shule imekwisha. Akalalamika kwa sauti ya kuvunja chupa: Papa! Papa unatuacha! Bengine bakatoka mbio, Yannick, bane ya Numbi, bote. Bakashika magurudumu. Hata wa ndevu alilia Papa.

Dereva akashuka. Akahesabu. Akamutazama Damien juu mpaka chini, akasema yeye ana muke na anaogopa laana, habebi mwanaume anayekimbia batoto kumi na mumoja. Akatupa mufuko chini, akamushusha na Damien. Damien akaeleza: si batoto yangu! Dereva akasema bote banasemaka vile. Akawasha lori, akaenda.

Mimi nilicheza ndani ya matope mpaka kiuno kikakataa.

Siku ya kazi tatu, 18 Februari

Promoteur Kapya amekuja hapa, kwenye nyumba yangu, suruali imekunjwa juu ya matope. Amefuta batoto ya uongo na deni ya Damien. Kila muzazi asiye na feza atapeleka unga shuleni, si jikoni kwangu, na kila siku ya posho balimu batagawana, mpaka fonderi ifunguliwe. Damien amekubali. Anabaki! Mimi nimepoteza kipimo changu cha unga. Nimevumilia.

Kabla ya kutoka, Promoteur akanishika mikono miwili. Akasema: Mama, nakuomba sana, usisaidie shule yangu tena.

Amesema nini? Mama! Mbele ya Damien, mbele ya Mama Kalaba aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta. Kwetu mutu hatupi neno lile bure. Akiniita mama, ni mutoto yangu. Na ikiwa mwenye shule ni mutoto yangu, ile shule ni ya nani?

Kesho mapema naenda kwenye ofisi yake na mukeka yangu. Nione mama ya Promoteur ana avantage gani.