Uso Wangu Ubavuni mwa Boksi

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Mke wangu Araba amepata kazi kubwa. Mama Afrakoma wa Kumasi anamwoza binti yake, na kila mgeni atapewa chupa ya shito ya Araba, ile pilipili nyeusi ya mafuta na kamba. Chupa mia moja na ishirini! Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usafirishaji. Cheo nimejipa mwenyewe, lakini hakuna aliyenipinga.

Kazi yangu ni kutafuta maboksi. Araba amesema ni kazi ndogo, hata mimi nitaiweza. Hilo neno "hata" limenichoma.

Akanipa maelekezo huku anachambua kamba wakavu. Boksi liwe la karatasi nene, lenye mawimbi tabaka mbili. Lisiwe kubwa, chupa kumi na mbili zinatosha. Kila chupa ikae kwenye kijumba chake cha kadibodi, zisigongane. Juu kusibaki nafasi. Akasema nimuulize kaka yake, shemeji Fiifi, anayetuma vikombe vya udongo mpaka Lomé na havivunjiki.

Kumuuliza Fiifi! Afadhali nimuulize mbuzi wa jirani.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Tawiah, muuza maboksi. Kanitolea boksi la kahawia, fupi, nene, baya kama kiatu cha mlinzi. Akaniambia nilibonyeze kwa kidole gumba. Nikabonyeza. Kidole ndicho kilichoumia. Akacheka, akasema hilo ndilo boksi la chupa.

Kisha nikayaona meupe.

Jamani! Meupe, yanang'aa, makubwa. Moja linameza chupa arobaini. Maboksi matatu tu na kazi imekwisha! Na ubavuni wanachapa picha yoyote utakayo, ya rangi. Tawiah akaniuliza naweka nini ndani. Sijui kwa nini nilisema kofia. Nadhani niliona hotuba inakuja nikataka kuikwepa.

Picha ya nani? Araba hakuwepo. Kwenye simu nilikuwa na yangu, ile ya suti ya kijivu, masharubu yamechongwa vizuri. Chini yake, na jina langu: SHITO YA ESSILFIE, LADHA YENYE HESHIMA.

Nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Binti yetu Kuukua kaandamana na shule yake, soksi moja juu, moja chini. Tukiwa tunampigia makofi, Fiifi akajipenyeza kando yangu. Ana tabia ya kutokea mtu akiwa na furaha.

Akauliza kuhusu maboksi. Nikamwambia yanachapwa. Akashangaa, yanachapwa nini? Nikamwambia mambo ya biashara ya kisasa hayaelezeki barabarani.

"Sawa, shemeji," akasema. "Ila yakija, simama juu ya moja. Likikubeba wewe, litabeba chupa."

Kisha akaangalia tumbo langu. Akaliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 10 Machi

Yamefika! Nimefunga mlango wa stoo nikayatazama. Mimi wanne, tunatazamana.

Nikakumbuka maneno ya Fiifi. Nikavua viatu, nikapanda juu ya moja. Nilipanda kwa heshima kabisa, polepole. Likasema "fyuu", nikajikuta nimezama ndani mpaka kiunoni, na uso wangu wa karatasi umekunjika kwenye goti langu la kweli.

Araba kutoka jikoni akauliza nini hicho. Nikasema paka. Hatuna paka.

Bahati Tawiah alinipa la ziada. Lile bovu nimelisukumia nyuma ya magunia. Nikajiambia chupa hazina miguu, hazitasimama juu ya boksi. Hoja nzito. Ilinituliza karibu mpaka chakula cha mchana.

Araba akaja kuyaona. Alikuwa na mwiko mkononi, jasho linamtiririka, moshi wa pilipili umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Akaitazama picha. Akanitazama.

"Baba Kuukua, kwani shito anapika nani?"

Nikamwambia sura ya mwanamume wa makamo huwapa wateja imani. Akafuta jicho kwa kiwiko, akauliza kama ni tabaka mbili. Nikasema ndiyo.

Nimesema ndiyo. Naye akarudi kwenye sufuria bila hata kuyagusa, kwa sababu mimi mumewe nimesema ndiyo. Laiti angeyabonyeza.

Jumatano, 12 Machi

Mzigo umeondoka kwa basi la Kumasi. Kila boksi lilibebwa na wapagazi wawili, mmoja akishika chini kama anapakata mgonjwa. Tumbo la boksi lilikuwa limetokeza. Vijumba vya kadibodi havikuwepo, vya Tawiah vilikuwa vya boksi la kahawia tu. Nilitandaza magazeti. Juu ilibaki nafasi ya kutosha kulaza mtoto.

Mpagazi akauliza ndani kuna nini kinacholia. Nikasema hakuna kinacholia.

Wakaweka viazi vikuu juu. Gunia zima! Nilitaka kupiga kelele. Lakini Fiifi alikuwa stendi anapakia vikombe vyake, ananiangalia. Nikapunga mkono.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui niandikeje.

Walipiga simu kutoka stendi ya Kumasi. Boksi moja lilipasuka hata safari haijafika nusu. La pili likalifuata. La tatu lilifika zima, kasoro chini. Chupa zilizopona hazijazi karai. Mafuta ya shito yameteremka, yakaingia kwenye mzigo uliokuwa chini yake. Majoho ya kwaya! Majoho mapya, meupe, ya kwaya ya kina mama, yameshonwa hapa kwetu Cape Coast.

Hawakuhangaika kumtafuta mwenye mzigo. Uso wake ulikuwepo. Aliyepiga simu anasema kiongozi wa kwaya, mama mmoja mnene aitwaye Dada Pokuaa, amekata ubavu wa boksi, anazunguka nao stendi, anamuuliza kila abiria, "Mnamjua huyu?" Anasema mafuta yamenipenya mpaka naonekana kama nalia machozi meusi.

Nilimwambia Araba ni viazi vikuu. Akauliza viazi gani vinavunja tabaka mbili. Akaenda stoo kutafuta chupa za akiba, akasogeza magunia, akamkuta yule mimi aliyekunjika. Akambonyeza kwa kidole kimoja. Kidole kikapita mpaka upande wa pili.

Hakunifokea. Alijifunga kanga upya, akawasha moto. Fiifi akaja kumenya tangawizi. Wanapika upya. Harufu imejaa mtaa mzima, na majirani wote wanajua sababu.

Fiifi alisema ana maboksi yake ya kahawia, nichukue tu, ndugu ni ndugu. Alisema kwa upole. Ule upole ndio ulionimaliza. Nikasema asante, ninayo ya kwangu.

Sina.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata! Tena bure! Dukani kwa Mama Ekuba kulikuwa na rundo la maboksi matupu nyuma ya mlango. Safari hii sikudanganywa na uzuri. Nimebonyeza kwa kidole gumba: gumu. Nimechungulia ukingoni: mawimbi tabaka mbili. Si makubwa. Nimekata kadibodi nikatengeneza vijumba. Nimesimama juu: likanibeba! Juu hakukubaki nafasi hata ya kijiko. Mtu hujifunza bwana.

Kwa tahadhari nimenyoa masharubu. Nimesafiri na mzigo mwenyewe. Hakuna chupa hata moja iliyopata ufa! Nilikaribia kuimba.

Stendi ya Kumasi, Dada Pokuaa yupo, na mimi nipo kwapani mwake. Akanisogelea. Akamtazama wa karatasi, akanitazama mimi. Nikamuuliza, kwa sauti nyembamba ambayo sikuijua, huyo jambazi ni nani.

"Kamwaga uchafu wake kwenye majoho ya watoto wa Mungu," akasema. "Nikimpata atayavaa."

Nikasema watu wengine hawana aibu kabisa. Nikaondoka haraka.

Nilipofika kwake, Mama Afrakoma hakuwepo, yuko saluni. Nikayapanga maboksi vizuri uani, kando ya meza ya zawadi, yote yametazama mbele. Araba na Fiifi wanakuja asubuhi kwa ajili ya sherehe. Ataona!

Jumamosi, 15 Machi

Ameona.

Lazima niandike wazi. Maboksi ya Mama Ekuba yalikuwa maboksi ya nepi. Kila moja lina mtoto mnono, amelala chali, anacheka, nepi yake inaonekana wazi. Nilimwona mtoto huyo jana. Nilimbeba, nikamfunga kwa selotepu, nikampanga mstari. Sikumfikiria hata kidogo.

Wageni walimfikiria. Bibi arusi akiingia uani na gauni lake, kulia kwake kuna watoto kumi wanacheka na nepi. Shangazi mmoja wa bwana harusi akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wa mashangazi husikika mpaka barabarani.

"Ehe! Ndiyo maana harusi ilikuwa na haraka!"

"Miezi mingapi?"

"Tazama gauni. Limeachiwa nafasi."

Mama wa bwana harusi akakaa chini ghafla. Mchungaji akafungua Biblia akaanza kutafuta kitu ambacho hakukipata. Bibi arusi akalia. Wanja wote ukashuka.

Mama Afrakoma akasimama katikati ya uwanja. "Nani kaleta mtoto kwenye harusi ya mwanangu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya turubai. Nilikuwa nimekwenda huko nilipoona mashangazi wanahesabu kwa vidole. Nilisema nitatoka. Mguu mmoja ulitoka. Naapa, mmoja ulitoka.

Na Araba akaenda mbele. Peke yake, na kitambaa chake kizuri cha kichwani, mikono bado imebabuka kwa pilipili. Akapiga goti.

"Ni mimi, mama. Shito ni yangu na maboksi ni yangu. Hakuna mtoto, ni kosa la mpishi. Nisamehe, na binti yako anisamehe."

Mguu wangu ukarudi ndani.

Fiifi akaenda mezani. Alifungua chupa, akachota shito juu ya samaki na kenkey, lile donge la unga wa mahindi, akampelekea mama wa bwana harusi kwa mikono miwili. Yule mama akala kwa hasira. Akala tena. Akauliza, kwa hasira bado, kama zipo nyingine. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Bibi arusi mwenyewe akalichukua boksi moja akalipakata akalibembeleza, uwanja ukalipuka kwa vifijo.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini kwaya ilisimama kuimba. Majoho yana madoa ya mafuta mabegani, yananuka kama chakula cha mchana. Ilikuwa kwaya ileile ya stendi! Na Dada Pokuaa, akienda kuchukua nafasi yake, alipita nyuma ya turubai.

Alisimama. Akanyoosha kidole chake, akakilaza juu ya mdomo wangu, kama masharubu.

"Ndiye!"

Akanivuta kwa kola mpaka katikati. Wageni wote. Mchungaji. Mama Afrakoma. Dada Pokuaa akauambia umati mimi ndiye wa majoho, na nilipoulizwa ni nani aliyeleta nepi, nikasema ni mimi, sauti ikatoka kama ya panya. Mama Afrakoma akamtazama Araba aliyekuwa bado na vumbi gotini. Akanitazama mimi. Hakunitukana. Akasema tu, "Na ulikuwa wapi mkeo alipokuwa chini?"

Nikaangalia vumbi la goti lile. Hata sasa bado naliona.

Jumapili, 16 Machi

Safari ya kurudi. Tumekaa kiti kimoja, Fiifi nyuma. Araba akamenya chungwa, akanipa nusu. Afadhali angenipiga nalo.

Nikamwomba radhi kwa maboksi. Akatazama nje.

"Maboksi hayaniumi," akasema. "Nilikuona ulipotoa mguu. Nilidhani unakuja."

Nikalishikilia chungwa tu, likanivujia mpaka kwenye mkono wa shati.

Nimeapa mbele yake na mbele ya Fiifi: sitachagua boksi tena maishani. Fiifi atachagua. Mimi nitabeba. Araba akasema sawa, akanilalia begani. Sikustahili hata kilo moja ya kichwa kile.

Jumanne, 18 Machi

Mama wa bwana harusi ameagiza shito kwa marafiki zake wote! Fiifi keshakwenda kwa Tawiah kuchukua yale ya kahawia. Sikutoa maoni. Asubuhi nzima sikutoa maoni. Nimekuwa mtu mpya.

Ila nilitumwa kununua vitunguu, nikapita karakana ya Kwamena, yule seremala wa majeneza. Ana mbao nzuri zimebaki. Mbao! Si boksi, kwa hiyo sijavunja kiapo. Kwamena anatengeneza visanduku vidogo, imara, hata basi likipita juu havishtuki. Vina vishikio vya shaba pande mbili. Na ndani, hili ndilo lililonitoa machozi, anatandika sufi na satini nyeupe, laini kabisa. Chupa zitalala kama malaika! Fiifi hawezi kuwaza kitu kama hiki.

Araba hajui. Nataka iwe zawadi, nimpoze moyo. Na safari hii sijajifikiria mimi hata kidogo. Kwamena aliponiuliza aandike jina gani, nikamwambia aandike la mke wangu, kamili, kwa herufi za dhahabu, juu ya kila kifuniko.

Ataleta Alhamisi, anavishusha mlangoni mwenyewe na gari lake jeusi.