Nimetolewa Nje ya Mtihani wa Mjukuu

Wenzangu wa Igoma, leo nimeaibika. Chuoni kabisa, mbele ya walimu watatu wenye miwani.

Mjukuu wangu Minza alikuwa anatetea kazi yake ya mwisho. Akishindwa, anarudia mwaka. Kaandika kuhusu vitabu vya watoto vya Waingereza, vile vya nchi za maajabu. Anavikosoa. Akaniambia, "Bibi, njoo, ila ukae kimya." Nikasema sawa. (Nia nilikuwa nayo.)

Akaanza. Sasa nyie mnanijua. Kwetu mtu akisimulia, unamwitikia. Ukinyamaza ni kama unamwambia hadithi yake mbovu.

"Mtoto anapita mlango, anatokea nchi nyingine."

"Eeh," nikaitikia.

"Huko wenyeji wanateseka."

"Eeeh, ikawaje?"

Mwalimu mmoja akageuka. Nikajifanya nakohoa.

Minza akaendelea. Kumbe yule mtoto wa Kiingereza, kafika tu, wenyeji wanamvika taji awatawale. Mwalimu mkubwa akamkatiza: "Kosa liko wapi? Si hadithi tu ya watoto?"

Minza akainamia meza. Anapekua karatasi, jibu halioni. Nikajikuta nimesimama. (Magoti haya haya yanayokataa kunyanyuka kanisani.)

"Mwalimu, mimi niliolewa Sengerema, nikakaa miaka thelathini. Mpaka namzika mume wangu, bado wananiita mgeni. Huyo katoto kafika asubuhi, jioni mtemi? Kwani hao wenyeji hawana wazee?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kalamu. Mwalimu mkubwa hakucheka.

"Mama, tafadhali subiri nje."

Nikatoka, wenzangu, na kitenge changu cha sikukuu. Nikakaa kwenye ngazi nalia. Nikajua nimemponza mtoto.

Baadaye Minza akatoka. "Bibi, wewe utaniua." Halafu akanikumbatia, na yeye analia. Kumbe nilivyotoka tu, yule mwalimu mkubwa alimwambia, "Haya, bibi yako kauliza. Mjibu yeye, mimi usinijibu." Basi, kunijibu mimi si kazoea tangu ana miaka mitatu? Alijibu mpaka wakamwomba apumzike. Kafaulu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na yule mwalimu aliyenitoa, maana ningebaki ningejibu mwenyewe.

Mahafali nimealikwa. Minza kasema nitakaa kiti cha nyuma kabisa, na pipi mdomoni.