Salamu Kutoka Kiwandani

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati inataka paneli za sola, paa zima. Umeme wao una tabia ya kukatika mama anapoanza kusukuma. Hayo ni maneno ya Mkunga Mkuu, mwenyekiti wa kamati. Tulioitwa ni wawili: mimi, na Waya, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, anayeuza sola, misumari na chakula cha kuku katika duka moja. Mtu wa namna hiyo unamwitaje mshindani?

Mkunga akauliza swali la ajabu. Amesikia redioni kuna paneli zinazotengenezwa na watu waliofungiwa viwandani, wanafanya kazi kwa lazima. Akataka kujua zetu zinatengenezwa na nani. Waya akasema hajui. Hajui! Mbele ya kamati nzima! Mimi nikasimama, nikaweka tai sawa, nikasema wafanyakazi wa kiwanda ninakonunua paneli nawajua, huwa naongea nao kwa simu, watu wenye furaha tele.

Waya akaangalia viatu vyake. Mkunga akaniangalia mimi. Akasema vizuri sana, basi Ijumaa tumpigie mmoja wao.

Mdomo huu utaniua.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia wakala anayeniletea mizigo. Nikamwomba mfanyakazi mmoja tu, anayejua lugha yetu, azungumze kidogo na mteja wangu. Akacheka sana. Akasema vijana wa kwetu wako wengi kule, ila simu zinachukuliwa getini. Na paspoti pia. Nikauliza paspoti za watu wanazifanyia nini.

"Ndiyo maana bei yako ni nzuri, ndugu yangu," akasema. "Hawakosi kazini hata siku moja. Waende wapi?"

Nikasema ahaa.

Nimekaa dukani bila kuwasha redio. Niliwaza kughairi mzigo. Niliwaza kwa dhati, karibu mpaka chakula cha mchana. Lakini kontena limeshafika bandarini. Halafu Waya ametundika bango jipya lenye taa za kumwekamweka, buluu na nyekundu, mchana kweupe. Nikaghairi kughairi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni kinyozi, na ana kipaji. Harusini huiga sauti za watu mpaka wenyewe wanageuka. Kesho atapokea simu akiwa mfanyakazi wa kiwanda. Mashine yake ya kunyolea ndiyo itakuwa mashine za kiwanda. Mpango hauna tundu hata la sindano.

Shemeji alisita. Akauliza kama si dhambi. Nikamwambia hatuibi kitu cha mtu, tunamtuliza tu mama wa watu. Akakubali, kwa sharti kwamba dada yake asijue. Sharti zuri. Ningeliweka mimi mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Tulipiga kwa simu yangu tukiwa katika chumba cha kujifungulia, maana ndiko mtandao unakoshika. Kitanda kilikuwa kitupu. Mkunga akaweka sauti ya juu, wote tusikie.

Shemeji alianza vizuri. Kisha utamu ukamkolea. Nyama kila siku. Jumapili mapumziko. Bosi mwenyewe huwaulizia hali za wazazi wao. Nywele wananyolewa bure. Nikakohoa.

Nikadhani tumemaliza. Mkunga akainamia simu, sauti ikashuka. Sikujua kwamba ana mtoto huko. Hakuna aliyeniambia. Naandika tena: hakuna aliyeniambia.

"Mwanangu, samahani," akasema. "Kuna kijana huko, mrefu, ana kovu la moto mkononi. Huanza kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Aliondoka kwenda kazi ya kiwanda, simu yake haipatikani tangu mwaka juzi. Hujamwona?"

Ile mashine tu ikinguruma. Nikaomba mtandao ukatike. Siku zote hukatika wenyewe bila kuombwa.

"Yupo, mama," shemeji akasema. "Hajambo. Anakusalimu."

Mkunga akaketi juu ya kile kitanda, miguu inaning'inia kama ya mtoto mdogo. Alilia, akacheka, akaniita mwanangu. Akachagua paneli zangu papo hapo.

Nimeshinda. Waya ameshindwa. Mbona sahani nimeirudisha jikoni ikiwa imejaa?

Jumapili, 9 Machi

Shemeji hapokei simu yangu. Nikamfuata kwake. Nilimkuta ameketi uani anafungua ile mashine ya kunyolea, vipande vyote vimetandazwa juu ya gazeti, na mashine yenyewe haina ubovu wowote. Akasema alikusudia kujibu hapana, lakini jinsi yule mama alivyouliza, hapana ikakataa kutoka. Akataka twende wote tukamweleze. Nikamkumbusha kwamba habari ya kijana kuwepo aliitunga yeye, mimi sikumtuma. Akasema ni kweli. Kisha akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Afadhali angeupigiza.

Jioni Mkunga akaja dukani. Amewaambia majirani wote, na wamempa pongezi. Ameleta sweta ya kijivu aliyoifuma mwenyewe. Mwanawe ni mtu wa kusikia baridi tangu utotoni. Akaomba nimfikishie kupitia watu wangu.

Nikasema hakuna shida, mama.

Hakuna shida! Nimeificha nyuma ya kasha la betri.

Jumanne, 11 Machi

Tumefunga paneli. Fundi wangu alipoiegemeza ya mwisho ukutani kabla ya kuipandisha, Mkunga akatoka na mikono bado ina povu la sabuni, akaisogelea. Nikamweleza ubora wake. Hakunisikiliza. Aliona doa pembeni. Mimi, kwa aibu ya muuzaji, nikalifuta kwa tai. Halikufutika. Nikalitemea mate kidogo, nikafuta tena. Wapi.

Lilikuwa chini ya kioo. Alama ya kidole gumba, imefungiwa mle ndani, mistari yote inaonekana.

Mkunga akanisogeza. Akaweka kidole gumba chake juu ya ile alama, akakiacha hapo.

"Labda ni yeye," akasema.

Fundi akauliza apandishe au asubiri. Nikamwambia apandishe. Nilikwenda nyuma ya zahanati, nikajifanya nakagua nyaya. Nyuma ya zahanati hakuna nyaya.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wangu alikuja dukani kufagia akaikuta sweta. Akauliza ya nani. Nikasema yangu, nimejinunulia. Akasema ivae basi tukuone.

Nikaivaa. Mimi ni mfupi. Mikono ya sweta ikanipita, ikaning'inia mpaka magotini. Nikatafuta vidole vyangu, sikuviona. Kwa kawaida mke wangu angecheka mpaka akae chini. Hakucheka. Kaka yake alikuwa ameshamweleza kila kitu.

"Vua," akasema. "Kesho unairudisha. Na utasema kwa mdomo wako."

Sweta hiyo ina joto sana. Nimejuta kujua.

Jumamosi, 15 Machi

Niliandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Nilipomkuta Mkunga anachemsha vifaa vyake, hotuba yote ikayeyuka. Nikamkabidhi sweta, nikamwambia hakuna mtu aliyeongea naye kutoka kiwandani, alikuwa shemeji yangu, kinyozi, mtaa wa pili.

Akazima jiko.

"Kwa hiyo nyama hawali?"

"Sijui, mama."

"Na mwanangu?"

"Sijui."

Akaikunja sweta polepole, akianzia mikono. Nikamweleza na ya wakala: simu, paspoti, waende wapi. Nilingoja anizabe kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Hakunipiga. Nikasema niko tayari kuzishusha paneli leo hii. Ndani, mwanamke akapiga ukelele wa uchungu.

"Uzishushe, nimzalishe huyu gizani?" akasema. "Nipe namba ya huyo wakala, kisha uondoke. Nisikuone hapa."

Nikampa. Namba yenyewe, ya kweli. Alikuwa ananawa mikono nilipotoka. Nikasikia sauti yake ndani ikimwambia yule mwanamke avute pumzi, sauti ile ile ya kila siku.

Njiani Waya alinisalimia. Nikamwitikia vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimechoka.

Jumatatu, 24 Machi

Wiki nzuri kwa toba. Nimejuta kila siku, asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni baada ya kufunga. Mke wangu anasema Mkunga alimpigia wakala kila siku, asubuhi na jioni, akimtajia jina la mwanawe, mpaka namba ile ikazimwa. Shemeji humpelekea maji na kumfyekea nyasi za zahanati. Kwangu hafiki. Nikiinua macho naona lile paa linang'aa, nayainamisha.

Nimeapa: sitauza tena kitu ambacho mtu amefungiwa ndani kukitengeneza.

Leo mchana wakala amenipigia, kwa namba mpya. Alinifokea kwa kumpa mteja namba yake. Kisha akapoa, akasema biashara ni biashara, ana betri, bei yake Waya hawezi kuigusa. Nilikumbuka kiapo changu. Safari hii nimekuwa mwangalifu mno. Sikuuliza zinatengenezwa wapi. Sikuuliza na nani. Nimeagiza kontena zima na dhamiri yangu ni safi, maana sijui lolote.

Namba mpya nitampelekea Mkunga. Ni haki yake. Nimeshaiandika kwenye karatasi, iko mfukoni. Nitaipeleka hiyo namba, betri zikishatoka bandarini.